SOMA KIBAO KABLA HUJALIPA
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: mashine ya kuchomelea ya TIG

Daftari ziko tayari? Na kalamu je? Vyema. Somo la leo ni la kusoma na la hesabu, lakini hatutafungua kitabu. Tutasoma kibao kidogo kilichobandikwa nyuma ya mashine.

Tuseme watu watano wa kijiji kimoja wameuza kahawa yao, wakaweka fedha pamoja. Wanataka kununua mashine ya kuchomelea vyuma, ile iitwayo TIG. Wamesikia kwamba mashine hiyo huunga alumini, nao wanaona kazi iko tele: sufuria kubwa zilizotoboka, vifuniko vya injini za pikipiki vilivyopasuka, na vipande vya injini za mashua huko ziwani. Wakifika mjini, muuzaji atawaambia, "Hii ni TIG, chukueni." Huenda mashine hiyo ni nzuri kabisa, wala muuzaji hasemi uongo. Hata hivyo huenda isiweze kuunga alumini hata siku moja. Jibu limeandikwa kwenye kibao. Asiyeweza kukisoma atalijua akiisha kufika nyumbani, na fedha ya kahawa imekwisha kwenda.

Basi, kwanza tujifunze jinsi TIG inavyofanya kazi. Kisha tusome kibao. Mwisho tupige hesabu ya gesi.

Wengi wenu mmemwona fundi akichomelea geti au dirisha la chuma. Anashika kijiti mkononi, anakigusisha kwenye chuma, na mwanga mkali unatoka. Mwanga ule ni umeme unaoruka kutoka kwenye kijiti kwenda kwenye chuma. Joto lake huyeyusha chuma, na kijiti chenyewe huyeyuka kikajaza pengo. Ile dawa iliyopakwa juu ya kijiti huungua, ikatoa moshi unaozuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka. Baadaye fundi hugonga kwa nyundo ili kuondoa ganda lililobaki. Njia hiyo ni ya bei nafuu, nayo hufaa sana kwa chuma kinene.

TIG ni njia nyingine. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni herufi tatu: T, I, G. Herufi ya kwanza, T, ni ya tungsteni. Herufi ya pili, I, ni ya neno inerti, maana yake isiyochangamana na kitu kingine. Herufi ya tatu, G, ni ya gesi. Yaani ni kuchomelea kwa ncha ya tungsteni ndani ya gesi isiyochangamana na kitu.

Tungsteni ni madini magumu sana. Jirani zetu wa Rwanda huchimba mawe yenye madini hayo. Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi za sentigredi. Alumini huyeyuka mapema zaidi, kwenye nyuzi 660. Lakini tungsteni haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 3,400 hivi. Kwa sababu hiyo, ncha ya tungsteni hutoa cheche ya umeme lakini yenyewe haiyeyuki kama kijiti. Fundi akitaka kujaza pengo, huchukua waya wa kujazia kwa mkono wa pili, akauchovya kidogo kidogo katika chuma kilichoyeyuka. Mkono mmoja unashika tochi, yaani kile kishikio chenye ncha ya tungsteni. Mkono wa pili unalisha waya. Mashine nyingine zina kanyagio pia, na mguu huongeza au kupunguza moto. Ni kazi ya utulivu, kama ya mshonaji mbele ya cherehani.

Gesi inayotumika ni argoni. Argoni haina rangi wala harufu, haiungui, na wala haikutengenezwa na binadamu: imo katika hewa tunayovuta sasa hivi. Katika kila sehemu 100 za hewa, argoni ni kama sehemu 1. Viwanda hupoza hewa sana mpaka iwe maji, wakaitenga argoni na kuijaza katika mitungi ya chuma. Gesi hiyo hutoka taratibu kwenye mdomo wa tochi, ikakifunika chuma kilichoyeyuka, na hewa haiingii. Ndiyo sababu kazi ya TIG haina ganda la kugonga wala cheche za kurukaruka, na mshono wake huwa safi.

Njia hii ilianza Marekani. Katika miaka ya 1941 na 1942 Russell Meredith, wa kiwanda cha ndege cha Northrop, alikuwa akitafuta njia ya kuunga magnesi, madini mepesi yanayoshika moto upesi. Yeye alitumia gesi ya heliamu. Baadaye argoni ndiyo iliyoenea zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao.

Umeme unaotoka katika mashine za TIG ni wa namna mbili. Kuna umeme wa moja kwa moja, unaokwenda upande mmoja tu kama maji ya mto. Huandikwa DC. Na kuna umeme wa kwenda na kurudi, ambao hugeuka mara nyingi kila sekunde kama mawimbi ya ziwa. Huandikwa AC. Umeme wa DC hufaa kwa chuma cha kawaida, kwa chuma kisichoshika kutu ambacho mafundi hukiita stenlesi, na kwa shaba nyekundu. Alumini kwa kawaida huhitaji AC.

Kwa nini? Kwa sababu alumini imevaa nguo. Juu yake kuna ngozi nyembamba sana inayotokea alumini inapogusana na hewa. Ngozi hiyo haiyeyuki mpaka nyuzi 2,000 na zaidi, ingawa alumini iliyo chini yake huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ukichoma kwa DC ya kawaida, alumini ya ndani huyeyuka huku ngozi ya juu ikikataa, na kazi huwa matope matupu. Umeme wa AC, unapogeuka, huivunja ngozi hiyo. Unapogeuka tena, huyeyusha alumini. Huvunja na kuyeyusha, huvunja na kuyeyusha, mara nyingi katika kila sekunde. Kwa hiyo mashine yenye DC peke yake haifai kwa sufuria yako, hata ikiwa imeandikwa TIG kwa herufi kubwa.

Haya, tugeuze mashine tuone kibao chake. Mwalimu achore ubaoni alama hizi, na kila mwanafunzi azinakili.

Alama ya kwanza ni mstari ulionyooka, na chini yake mstari mwingine uliokatika vipande. Hiyo ni DC. Alama ya pili ni mstari uliopinda kama wimbi. Hiyo ni AC. Lakini jihadhari! Kibao kina sehemu mbili. Sehemu moja yaeleza umeme unaoingia kutoka ukutani. Hapo utaona U1, volti 230, namba 50, na karibu nayo alama ya wimbi. Wimbi hilo lipo karibu katika kila mashine inayochomekwa ukutani, kwa kuwa umeme wa ukutani ni AC. Halisemi lolote juu ya alumini. Sehemu ya pili yaeleza umeme unaotoka kwenda kwenye tochi. Hapo ndipo utazame. Ukikuta mstari ulionyooka peke yake, mashine ni ya DC tu. Ukikuta na wimbi pia, basi inatoa namna zote mbili. Mara nyingi kwenye uso wa mashine hiyo utaona pia kitufe cha kuchagua AC au DC.

Sasa tazama herufi I2. Mbele yake kuna namba za ampea, yaani nguvu ya moto. Kwa chuma cha kawaida, kadiria ampea 30 mpaka 40 kwa kila milimita 1 ya unene. Bati la chuma la milimita 2 litahitaji ampea 60 mpaka 80. Chuma cha milimita 3 kitahitaji 90 mpaka 120. Alumini hunyonya joto upesi, nayo huhitaji zaidi kidogo.

Kisha tazama herufi X. Mbele yake pameandikwa namba na alama ya asilimia: pengine 30%, 60%, 100%. Hiki ni kipimo cha kazi na pumziko, nacho huhesabiwa kwa dakika 10. X ikiwa 60% kwenye ampea 140, maana yake ni kwamba kwa moto wa ampea 140 mashine yaweza kufanya kazi dakika 6, kisha ipumzike dakika 4. X ikiwa 30% kwenye ampea 200, itafanya kazi dakika 3 na kupumzika dakika 7. Usiridhike na namba kubwa iliyochorwa ubavuni kwa rangi nzuri. Mashine mbili zote zaweza kuitwa 200, lakini moja ikapumzika kuliko kufanya kazi. Namba ya ubavuni ni tangazo. Namba ya X ni ahadi.

Sasa tupige hesabu ya gesi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Mtungi una ukubwa wake kwa lita, na gesi iliyomo imeshindiliwa. Kipimo cha kushindiliwa huitwa baa. Tairi la gari dogo lina baa 2 hivi, lakini mtungi wa argoni waweza kuwa na baa 150 au 200. Kupata gesi iliyomo, zidisha lita za mtungi kwa baa.

Mtungi wa lita 40 wenye baa 150:
40 × 150 = lita 6,000 za gesi.

Tochi ikitumia lita 8 kwa dakika:
6,000 ÷ 8 = dakika 750, yaani saa 12 na nusu za moto.

Mtungi mdogo wa lita 10 wenye baa 150:
10 × 150 = lita 1,500. Na 1,500 ÷ 8 ni kama dakika 187, yaani saa 3 na kidogo.

Saa 3 za moto! Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei ya mashine. Liwe hili: mtungi ukiisha, utajazwa wapi, kwa bei gani, na kwa nauli kiasi gani? Kutoka Tingi mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Uliza kwanza Mbinga na Songea, uandike jibu la kila mahali. Uliza pia kama mtungi utakuwa mali yako au ni wa kukodi. Kisha gawanya gharama ya kujaza pamoja na nauli kwa saa za moto. Hapo utajua umtoze mteja kiasi gani. Fundi asiyefanya hesabu hii huwafanyia wateja kazi kwa fedha yake mwenyewe.

Tena, gesi nyingine haiwezi kushika nafasi ya argoni. Mkoani Mbeya, wilaya ya Rungwe, huvunwa gesi ya kaboni kutoka ardhini, ile ile inayotiwa katika soda. Gesi hiyo hutumika katika mashine nyingine za kuchomelea zinazosukuma waya zenyewe. Ukiitia katika TIG, ncha ya tungsteni itaungua na kazi itaharibika. Oksijeni nayo ni hatari zaidi, na gesi ya kupikia usiithubutu.

Umeme je? Mwaka 2018 laini kubwa ya umeme kutoka Makambako ilifika Songea, na tangu hapo kazi za mafundi mkoani Ruvuma zimepata nguvu mpya. Hata hivyo, pima umeme wa mahali pako. Mwombe fundi umeme apime volti saa za jioni, wakati nyumba nyingi zinatumia umeme. Volti zikishuka mno, mashine itakatakata au itazima. Kwa kazi ya ampea 100, mashine ya kisasa ya TIG huvuta kama kilowati 2 tu. Lakini kwa ampea 200 yaweza kuvuta kilowati 4 au 5. Waya mwembamba wa nyumbani hautafaa, na jenereta ndogo italemewa.

Kabla ya kulipa, fungua sanduku uhesabu vitu. Lazima pawe na tochi, waya wa kurudishia umeme wenye koleo la kubana kazi, saa ya kupimia gesi, mpira wa gesi, na ncha za tungsteni. Mtungi mara nyingi hununuliwa peke yake. Uliza pia moto unawashwaje. Mashine nyingine huwasha bila ncha kugusa chuma. Nyingine hutaka uguse kisha uinue. Nyingine hutaka ukwaruze kama kiberiti. Ile isiyogusa ni bora kwa kuwa ncha haichafuki, lakini inapowaka, redio ya jirani yaweza kukoroma. Asiisogelee mtu aliyewekewa kifaa cha umeme cha kusaidia moyo.

Ncha za tungsteni hutambulishwa kwa rangi. Nyekundu ina toriamu, ambayo ni sumu ya miale. Vumbi lake wakati wa kunoa lisivutwe. Kijivu, dhahabu na buluu hazina toriamu, na anayeanza yafaa achague hizo. Ncha ya kazi ya DC hunolewa kama penseli, na mistari ya kunoa ifuate urefu wake.

Kabla ya kutoa fedha, mwambie muuzaji awashe mashine mbele yako. Ikiwa unataka kuunga alumini, chukua kipande cha alumini kutoka nyumbani, aunge ukiona kwa macho. Kisha dai risiti, na hati ya dhamana iandikwe tarehe. Isome kabla hujaondoka. Rahisi ghali, ndugu zangu.

Sasa neno juu ya maisha yako mwenyewe. Mwanga wa TIG hauna moshi mwingi wa kuuficha, kwa hiyo huchoma macho na ngozi upesi. Maumivu huja baadaye, usiku, kama mchanga machoni. Tumia kofia yenye kioo cheusi cha namba 10 au zaidi, na vaa nguo ya pamba yenye mikono mirefu. Watoto wasisimame kutazama. Argoni ni nzito kuliko hewa; katika tangi au chumba kilichofungwa hutuama chini na kuifukuza hewa. Kwa kuwa haina harufu, mtu huanguka bila kujua sababu. Fungua milango, lakini kinga kazi yako kwa ubao au turubai, maana upepo wa ziwani hupeperusha gesi. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo. Tangi la petroli lisichomelewe kwa kudhani kwamba limekauka. Na usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukakichomelea: mwanga na joto huigeuza kuwa gesi ya sumu inayoweza kuua.

Je, basi, kikundi chetu kinunue TIG? Ikiwa kazi zenu ni mageti, madirisha na majembe ya kukokotwa, mashine ya vijiti yawatosha; fedha iliyobaki iwekeni. Ikiwa kuna kazi ya stenlesi na mabati membamba, TIG ya DC itawafaa. Ikiwa mnategemea sufuria na vipande vya injini, hapana budi mnunue yenye AC na DC, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Ikiwa fedha haitoshi, ngojeni msimu mwingine wa kahawa kuliko kununua isiyofaa. Na kabla ya yote, mmoja wenu akajifunze kwa fundi au katika chuo cha ufundi cha VETA Songea, maana mashine haina mikono.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kibao kina alama ya wimbi karibu na volti 230, na mstari ulionyooka peke yake upande wa umeme unaotoka. Je, mashine hii itaunga sufuria ya alumini? Kwa nini?

2. X ni 40% kwenye ampea 160. Mashine itafanya kazi dakika ngapi, na kupumzika dakika ngapi?

3. Mtungi wa lita 20 una baa 150, na tochi hutumia lita 10 kwa dakika. Gesi itatosha kwa saa ngapi za moto?

4. Taja kazi tano za kuchomelea ambazo watu wa kijiji chako walilipia mwaka huu. Ngapi kati ya hizo zilihitaji TIG?

Andikeni majibu katika daftari, mkayasahihishe pamoja na mwalimu. Na yeyote anayekwenda mjini kununua mashine, aende na daftari hili mkononi.

Kwaherini, na kazi njema.